Fortunat Anadai Shukrani

Jumapili ya tatu mfululizo Fortunat alisikiliza misa akiwa nje. Alisimama chini ya paa, karibu na dirisha la upande wa kwaya, amevaa koti lake la kahawia na viatu vilivyopigwa rangi. Kila wimbo ulipofika mahali pa besi, aliiingiza sauti yake kupitia dirishani. Sauti ilikuwa kanisani, mwenyewe alikuwa uani. Pontien, mwalimu wa kwaya, hakujua anyooshe mkono upande gani: kwa wanaume wawili waliobaki kwenye besi, ambao kwa kweli walikuwa wanafungua midomo tu, au kwa lile dirisha.

Watu wa parokia ile, iliyo juu kidogo ya Ruziba pale mashamba ya mpunga yanapokwisha na migomba kuanza, walikuwa wameshazoea. Wakati wa kutakiana amani, waliokaa karibu na ukuta walitoa mikono nje wakamsalimu. Kapu la sadaka nalo lilitolewa nje, likarudi. Kitu kimoja tu hakikupita dirishani, nacho ni komunyo. Fortunat alipoona watu wanajipanga kwenda mbele, alijifanya anafunga kamba za viatu.

Sababu ilikuwa ng'ombe.

Padri Arnaud alipofika mwezi wa nne kuanza kazi, parokia nzima ilimpokea kwa zawadi. Kila jumuiya ilileta yake: maharage, mihogo, kuku wawili waliofungwa miguu, samaki wakavu. Mwanamke mmoja alileta mananasi matatu. Nyuma yake akaja Fortunat, akivuta mtamba wa rangi ya udongo mwekundu, Bihogo, aliyemlea kwa mkono wake tangu mama yake afe kwa homa. Alikuwa amemnywesha maziwa kwa chupa ya bia miezi miwili, akiamka kabla ya jogoo. Watu walipomwona anaingia na mnyama yule kanisani, walipiga vigelegele mpaka Bihogo akajisaidia mbele ya benchi la wazee.

Padri alikuwa amemwambia yule wa mananasi, "Mungu akubariki, akuzidishie." Kwa Fortunat naye akasema, "Mungu akubariki, akuzidishie." Sauti ile ile, tabasamu lile lile. Maneno matatu kwa mananasi matatu, na maneno matatu kwa ng'ombe mzima.

Fortunat hakukasirika siku hiyo. Alijua shukrani ya ng'ombe haitolewi kanisani, tena kwa haraka namna ile. Kwa Warundi, aliyepewa ng'ombe hukaa naye kwanza, akamtazama anavyokula na anavyolala. Halafu anachagua siku, anakusanya watu wake, anabeba pombe, anakwenda nyumbani kwa aliyetoa. Huko anasema ng'ombe alifika salama, amezoea, anakula vizuri, tumekuja kushukuru. Wanakunywa pamoja, wanajibiana maneno mazuri, wanaagana. Hiyo inaitwa gukura ubwatsi. Isipofanyika, yule ng'ombe ni kama aliokotwa barabarani. Kuna na sheria ya pili, kali kuliko ya kwanza: aliyetoa haombi. Hatumi mtu, hakumbushi, hata kukohoa hakohoi. Anangoja.

Basi Fortunat akangoja. Jumapili mbili za mwanzo mkewe Caritas alifagia uwanja mpaka udongo ukang'aa, akaazima viti sita vya plastiki kwa jirani. Fortunat alikaa kwenye kimoja akiwa amevaa koti, anatazama njia. Mwezi wa tano ukaisha. Mwezi wa sita jirani akaja kuchukua viti vyake, kwa sababu alikuwa na msiba.

Ilipofika mwezi wa saba, jambo hilo likawa mzaha wa kabare ya Waridi, mama anayeuza urwarwa, pombe ya ndizi, karibu na njia ya kwenda kanisani. Siku moja mvuvi mmoja alimwuliza Fortunat mbele ya watu kama ng'ombe yule alimtolea Mungu ama alimtolea Padri. Kama ni Padri, basi ana haki ya kununa. Kama ni Mungu, akae tu nyumbani, Mungu mwenyewe atamletea pombe, na wao majirani wataomba kualikwa siku hiyo wamwone. Kabare nzima ilicheka. Waridi alicheka mpaka akamwaga pombe.

Fortunat akasimama na kikombe mkononi.

"Mi mule kanisani siingii tena," akasema, "mpaka siku nitashukuriwa juu ya ng'ombe yangu."

Akanywa, akaweka kikombe chini, akaenda zake. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaanza kujuta, lakini neno lilikuwa limesemwa kwa Waridi, na kinachosemwa kwa Waridi hufika Musaga, kule mjini, kabla ya wewe kufika kwako. Kesho yake kila mtu alijua. Kwaya ilijua, wavuvi walijua, mabibi wa rozari walijua na wakamwombea. Mtu mmoja tu hakujua, naye ni Padri Arnaud, kwa sababu nani ataenda kumwambia padri kwamba hana adabu?

Hayo yote yangekuwa ya kuchekesha tu kama Amandine asingekuwa anaolewa. Amandine ni binti yao mmoja, na Darius, mchumba wake, ni mwalimu wa shule huko Musaga, kijana asiye na kelele. Mahari ilikwishatolewa. Misa ya ndoa iliwekwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane, pale pale parokiani. Na kila mtu anajua ndoa inavyoanza: baba anamshika binti mkono mlangoni, anatembea naye mpaka mbele.

Amandine alingoja wiki nzima baba yake alizungumze jambo hilo mwenyewe. Alipoona hasemi, alimfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa na ungo wa maharage, akakaa chini, akaanza kuchagua mawe.

"Baba, siku ile utanifikisha wapi?"

"Mpaka mlangoni."

"Halafu?"

"Halafu baba yako mdogo atakuchukua. Nimeshaongea naye."

Amandine alitoa jiwe moja, akalitazama, akalitupa.

"Apana. Baba mdogo mumuache akae. Nitaingia peke yangu."

Hakusema kwa hasira. Aliendelea na maharage yake, na baada ya hapo akamwuliza baba yake kama atakula saa hizi au baadaye. Fortunat angefurahi zaidi kama angemrushia ungo.

Usiku huo hakula vizuri, na Caritas aliona. Caritas alikuwa mwanamke wa maneno machache na miguu ya haraka. Asubuhi alikwenda kwa Melchior, katekista, aliyewafundisha watu wote wa pale Baba Yetu kwa miaka thelathini. Hakumtuma popote, kwa sababu sheria hairuhusu. Alikaa tu mbele yake akalia kidogo, halafu akafuta macho akarudi shambani. Melchior akaelewa.

Tatizo ni kwamba Melchior ni mtu wa heshima kupita kiasi. Akija kuomba chumvi, anaanza na habari za mvua. Alikwenda kwa Padri, akaulizia afya yake, akaulizia afya ya mama yake Padri, akasifia maua ya sakristia, na alipomaliza vikombe viwili vya chai akasema kwamba mzee Fortunat, yule wa besi, hana raha siku hizi. Padri akauliza kwa nini. Melchior akasema ni juu ya yule ng'ombe. Akaongeza kwamba binti yake anaolewa. Kisha akaaga, akiwa na hakika kwamba amesema kila kitu, tena labda amesema kwa ukali kidogo.

Padri Arnaud alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa mjini, Ngagara, Quartier 4, baba yake karani wa wizara, na ng'ombe aliwaona kupitia dirisha la basi la seminari. Aliweka maneno ya Melchior pamoja: mzee hana raha, ni juu ya ng'ombe, binti anaolewa. Akaelewa mara moja, na moyo ukamwuma. Mzee wa watu alitoa ng'ombe wake wa pekee kwa furaha ya siku ile, sasa harusi imefika, hana cha kuwalisha wageni, na anaona haya kusema. Padri hakulala vizuri. Na kwa kuwa ni mtu mwema, akaenda kufanya jambo baya kuliko yote.

Alhamisi saa kumi Fortunat alikuwa anarekebisha ua wa miti mbele ya nyumba. Nyumba yake iko juu kidogo ya njia, na kutoka pale anaweza kumwona mtu anayekuja tangu kabare ya Waridi. Akainua macho akamwona Padri. Alikuwa anakuja kwa miguu, maana petroli ilikuwa imepotea tena mjini na pikipiki ya parokia ilikuwa imelala sakristiani. Nyuma yake walikuja watu: Melchior, Pontien wa kwaya, Waridi mwenyewe na vitambaa vyake kiunoni, na wengine ambao hawakuitwa na mtu.

Padri na watu, wanakuja nyumbani kwake. Fortunat aliangusha nyundo.

"Mama Amandine," akaita kwa sauti ya chini. "Viti."

Caritas alitoka, akatazama njia, akarudi ndani mbio. Fortunat aliingia akachukua koti, akalivaa juu ya shati la kazi, akatoka akiwa anajifunga kifungo. Alikuwa na jibu tayari, alikuwa nalo tangu mwezi wa nne, jibu refu lenye jina la babu yake ndani. Akajisafisha koo. Ndipo alipoona kamba mkononi mwa Padri. Akaifuata kamba kwa macho mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa Bihogo.

Bihogo alikuwa amenenepa. Alipotambua njia alianza kumvuta Padri badala ya kuvutwa, na Padri alifika getini akikimbia kidogo, viatu vyake vyeupe vimekuwa vya rangi nyingine. Ng'ombe alipitisha kichwa juu ya ua, akaanza kulamba koti la Fortunat kwenye bega.

"Padri," Fortunat akasema, "unaniletea nini?"

"Mzee, nimekurudishia Bihogo. Nisamehe sana, sikujua una shida."

Watu waliokuwa nyuma walishika midomo. Mmoja akageuka kabisa, kana kwamba amemwona mtu yuko uchi.

"Nani alikuambia nina shida?"

Padri alimtazama Melchior. Melchior alitazama ziwa kule bondeni.

"Ng'ombe niliyemtoa mbele ya altare," Fortunat akasema polepole, "unanirudishia mbele ya Waridi."

Akafunga geti. Akaweka na gogo.

Padri alibaki njiani na kamba mkononi, hajui alichokosa. Wengine walijua, lakini hawakujua cha kufanya. Ng'ombe aliyetolewa harudishwi, hata akiwa kilema. Kumrudisha ni kumwambia aliyetoa kwamba mkono wake umekataliwa. Fortunat akimfungulia Bihogo, amekubali kukataliwa. Padri akimwacha pale, amemtupa. Mtu mwingine akishika ile kamba, atakuwa ameshika aibu isiyo yake. Basi watu kumi na watano walisimama wakamtazama ng'ombe, na ng'ombe, ambaye hakuwa na swali lolote, alipitisha shingo kwenye nafasi ya ua akaanza kula lengalenga, mboga za Caritas. Alikula mstari wa kwanza. Hakuna aliyemzuia, maana kumzuia ni kumshughulikia.

Alipofika mstari wa pili, Caritas alitoka kwa mlango wa nyuma na beseni la maji. Akazunguka nyumba, akafika njiani, akaweka beseni mbele ya Bihogo, akamwondoa kwenye mboga zake. Ng'ombe akanywa. Caritas akanyoosha mgongo, akamtazama Padri usoni.

"Padri wangu, wewe ni mtoto wetu, mi nitakuambia," akasema.

Na akamwambia. Hakuanza na mvua. Alimwambia juu ya mananasi, juu ya viti sita, juu ya kabare, juu ya dirisha la kwaya, juu ya Amandine na ungo wake. Alimwambia mtu aliyepewa ng'ombe anafanya nini, na kwamba kila mtoto wa pale anajua. Nyuma ya geti Fortunat alisimama, sikio kwenye miti. Masikio yenyewe yalikuwa yanamchoma.

Padri alimsikiliza mpaka mwisho. Masikio yake nayo yalikuwa yanawaka.

"Nilifikiri anaimba nje kwa sababu ya joto," akasema. Kisha akawageukia wengine. "Kabare nzima ilijua?"

Waridi akasema ilijua.

"Na kwaya?"

Pontien akatikisa kichwa kukubali.

"Na wewe, Melchior?"

"Padri wangu, nilikuambia."

"Uliniambia hana raha."

"Ndiyo kuambia kwenyewe."

Padri alifunga macho kidogo. Walidhani anasali, na labda ni kweli. Alipoyafungua alisema atamrudisha ng'ombe kwake parokiani sasa hivi. Mwanzo mzuri. Lakini Bihogo hakutaka. Alikuwa amefika nyumbani, alikuwa amekula, alikuwa amekunywa, na mbele yake kulikuwa na geti alilolijua. Padri alivuta. Pontien alimsukuma kwa nyuma, akapigwa mkia machoni. Melchior aliongea naye kwa heshima. Waridi alisema aachwe alale pale pale njiani, ataondoka mwenyewe siku ya mwisho. Watu wawili walishika pembe, ng'ombe akakaa chini.

Nyuma ya geti, Fortunat aliwasikia wanavyohangaika, na ilimwuma. Ng'ombe wake hasukumwi, hajawahi kusukumwa maisha yake yote. Anasimama kwa mluzi na anakwenda kwa mluzi, miwili mifupi na mmoja mrefu, kila mtu mwenye akili angeuliza. Alivumilia mpaka aliposikia mtu anasema aletewe fimbo. Hapo akaweka vidole mdomoni.

Miwili mifupi, mmoja mrefu.

Bihogo aliinuka, akageuka, akaanza kuteremka njia kama mtu aliyekumbuka kazi. Kamba ilimkaza Padri mkono, naye akamfuata. Lakini baada ya hatua chache alisimama, akageuka kulitazama geti lililofungwa.

"Asante, mzee," akasema.

Geti halikufunguliwa. Ila jioni ile Caritas alimkuta anautengeneza mstari wa lengalenga ulioliwa, kazi ambayo hakuwahi kuigusa tangu waoane.

Siku mbili baadaye habari zikafika kwamba Padri atakuja Jumatano kushukuru, kwa utaratibu wote, na kwamba Waridi amepewa kazi ya pombe. Caritas alidhani mumewe atafurahi. Fortunat alikuna kichwa. Alisema haisaidii kitu sasa. Shukrani iliyoelekezwa siyo shukrani. Akija, anakuja kwa sababu ameambiwa, kama mtoto anayeambiwa mwamkie babu. Yeye Jumatano atakuwa kwenye mpunga.

Caritas aliweka sufuria chini.

"Baba Amandine, nisikilize. Hakuja, ukanuna. Alikuja vibaya, ukanuna. Sasa anakuja vizuri, unanuna. Mutoto wako anaolewa mara moja. Ama unataka tumwambie Darius arudi mwaka kesho, wakati wewe utakuwa umemaliza?"

Fortunat akasema atafikiri. Jumatano asubuhi alitafuta jembe ili akafikirie shambani, hakuliona. Alitafuta nyuma ya nyumba, alitafuta kwenye zizi tupu. Caritas alikuwa amekaa mlangoni, anamenya ndizi, sketi yake pana imetandazwa chini. Alimenya tangu saa moja mpaka saa nne bila kuinuka, na mpini wa jembe ulikuwa unaonekana kidogo upande wa kushoto. Fortunat aliuona. Akaenda kuvaa koti.

Walikuja saa tano. Mbele alikuwa Padri na viatu vya kazi alivyoazima, nyuma Melchior, kwaya, mabibi wa rozari, na vijana wawili wenye bidoni za manjano za pombe kichwani. Waridi alibeba kibuyu kizuri cha mama yake, kile cha harusi, na mrija ndani. Viti vya jirani vilikuwa sita, wageni arobaini, wengi wakakaa kwenye nyasi. Amandine alisimama karibu na jiko, mikono imefungwa kifuani.

Kwa desturi mwenye maneno mazuri ndiye anayesema, na Melchior alikuwa amejiandaa tangu Jumapili, hata alikuwa amenyolewa. Lakini Padri aliomba aseme mwenyewe. Alisimama, akashusha mikono, akaonekana mdogo kuliko kanisani.

"Mzee Fortunat, mi niliambiwa nije," akasema. "Sitadanganya. Sikukua na ng'ombe. Kwetu Ngagara maziwa yalitoka kwenye pakiti." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Lakini mama yangu, jirani akitutumia chakula kwenye sahani, hakurudisha ile sahani tupu hata siku moja. Hata kama ni ndizi mbili, aliweka. Mi ndiye nilikuwa natumwa kuipeleka. Nilijua jambo hili tangu nina miaka sita. Wewe ulinipa sahani, nikala, nikaiweka kabatini kwangu miezi minne. Hilo hakuna wa kunifundisha. Hilo nilijua."

Bibi mmoja alisema "ee" kwa sauti ndogo, kwa sababu naye alikuwa na sahani ya mtu.

"Bihogo alifika salama," Padri akaendelea, na hapo aliyafuata maneno ya desturi, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Amezoea. Anakula vizuri. Tumekuja kushukuru."

Waridi akamletea kibuyu. Anayeleta pombe ndiye anayeionja kwanza, ili mwenye nyumba aone kwamba ni salama. Wote walijua Padri hajagusa pombe tangu seminari, aliahidi mwenyewe, na Waridi alikuwa ameandaa chupa ya Fanta pembeni kwa ajili hiyo. Padri aliitazama Fanta. Akasema ahadi ile alimpa Mungu, na kwamba ataongea naye. Akainama, akavuta mrija. Alivuta kama mtu anayevuta soda. Urwarwa ya Waridi siyo soda. Alikohoa mpaka Pontien akampiga mgongoni, macho yakajaa machozi, na katikati ya kukohoa alimnyooshea Fortunat kibuyu kwa mikono miwili.

Fortunat alikipokea. Ilikuwa zamu yake kujibu, na watu walijua ana jibu, maana alikuwa amelisema vipande vipande kwa Waridi tangu mwezi wa tano. Alifungua mdomo. Jina la babu yake halikuja. Neno la kwanza halikuja. Alimtazama Padri anajifuta macho kwa mkono wa shati, akamtazama Amandine pale karibu na jiko, na kila kitu alichokuwa amekipanga kikamtoka kichwani kama nzige.

"Anakula nini?" akauliza.

"Nyasi, mzee. Na mashina ya mahindi, Melchior anamletea." Padri akasita. "Na amekula maua ya altare mara mbili."

"Mara mbili tu?"

"Mara ya tatu tulimkuta mlangoni."

Fortunat alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Basi amezoea," akasema, akavuta mrija.

Walikunywa bidoni zote mbili. Melchior alipewa nafasi ya kusema mwishoni, kwa sababu amenyolewa, akasema nusu saa na wote wakampigia makofi kabla hajafika kwenye ng'ombe. Padri alikunywa Fanta yake. Wakati wa kuondoa vikombe Amandine alimwachia baba yake chake mkononi kikiwa kimejazwa.

Jumamosi ya ndoa kanisa lilijaa mpaka uani, na safari hii waliosimama chini ya paa walikuwa watu wengine. Amandine alifika mlangoni akiwa na gauni la kukodi lenye mkia mrefu kuliko lazima. Fortunat alimpa mkono. Kwaya ikaanza, wakaingia.

Wakaingia mbio. Amandine alikuwa anakwenda kama mtu anayewahi soko, na baba yake, aliyetaka kutembea kwa heshima, alijikuta anarukaruka pembeni ili asiachwe.

"Pole pole," akamnong'oneza. "Unakimbilia nini?"

"Wiki mbili nimejizoeza peke yangu," Amandine akanong'ona, akitabasamu kwa watu wa kulia. "Peke yako ni haraka. Usipofika mbele haraka utalia."

Fortunat alikaza mkono wake juu ya mkono wa binti, akaweka uzito wake wote kwenye viatu, kama anavyomsimamisha mtamba kwenye mteremko. Amandine akapunguza. Hatua moja, nyingine. Karibu na benchi la wazee walikuwa wanakwenda sawasawa, polepole sana, mpaka mwimbaji wa solo akaishiwa na beti akarudia ubeti wa kwanza.

Darius alikuwa mbele, jasho likimtiririka kwenye kola. Padri Arnaud alikuwa juu ya ngazi na kitabu kimefunguliwa. Wakafika. Sasa baba anatakiwa auachie mkono, auweke kwenye mkono wa mume, akakae karibu na mkewe. Fortunat alijua. Darius alinyoosha mkono wake. Caritas, kwenye benchi la kwanza, alikohoa.

"Mzee," Padri akasema kwa chini, "mwachie."

"Ngoja kidogo," Fortunat akasema.

Padri alifunga kitabu, akangoja.